Acheni kuwaambia wahudumu wapya "utazoea", waandaeni kabla mgonjwa hajakata roho mikononi mwao

Mleta mada:

Wakuu salama? Kuna jambo linanikereketa muda mrefu, leo nalimwaga lote hapa, litakuwa refu mnivumilie.

Nafundisha wanafunzi wa uuguzi na bado naingia zamu wodini, na kila kundi jipya likija naona kitu kile kile. Mwanafunzi anatoka darasani anajua kukokotoa dozi, anajua kuweka drip, anajua kubonyeza kifua moyo ukisimama, ila kuhusu mtu anayekufa taratibu kitandani kapewa kipindi kimoja tu, na hicho kipindi chenyewe nusu yake ni namna ya kuandaa mwili, kuosha, kufunga taya, kuweka lebo, kujaza fomu ya mochwari. Yaani kafundishwa kuhudumia maiti, kumhudumia anayekufa hajafundishwa. Halafu anapangiwa zamu ya usiku, mgonjwa anakata roho saa tisa usiku, anatoka nyuma ya pazia mikono inamtetemeka, anakutana na mkubwa wake anaambiwa "utazoea, sote tulipitia huko".

Mi nakataa. Mtu ukimwacha azoee mwenyewe mara nyingi anajenga ukuta, na huo ukuta unamzuia yeye asiumie ila unamwacha mgonjwa peke yake upande wa pili. Hili sio geni. Mwaka 1960 Isabel Menzies Lyth aliandika kuhusu manesi wa hospitali moja kubwa ya kufundishia kule London, akaonyesha namna kazi yenyewe ilivyopangwa ili nesi asimkaribie sana mgonjwa: majukumu yamekatwakatwa vipande, wanahamishwa hamishwa wodi, mgonjwa haitwi jina, anaitwa kwa namba ya kitanda au kwa kiungo kinachoumwa, "lile ini la kitanda namba 10". Na bado wanafunzi karibu theluthi walikuwa wanaacha mafunzo njiani. Kwa hiyo ule ukuta haukuwalinda hata wao wenyewe. Ingia wodi yoyote leo usikilize watu wakikabidhiana zamu, uone kama lugha imebadilika.

Sasa maandalizi ni nini? Mi naanzia kwenye mwili, wengi mtashangaa kwa sababu mada ni hisia, ila hofu kubwa ya mhudumu mpya inatokana na kutojua anachokiona. Mwambie kabla. Mwambie mtu akikaribia kufa analala zaidi, anakataa chakula na maji, mkojo unapungua na rangi yake inakolea, mikono na miguu inapoa, ngozi ya magoti na nyayo inakuwa na mabaka ya rangi ya zambarau. Pumzi inabadilika, anavuta nzito nzito halafu inapungua, inapungua, inasimama kabisa. Unahesabu sekunde, ndugu wanaanza kulia, wewe unaangalia saa uandike muda, mara anavuta tena. Asiyeambiwa kwamba hiyo ni kawaida anapata mshtuko ambao hausahau, na ndugu wanamgeukia yeye wanamuuliza amekufa hajafa na yeye hana jibu.

Halafu kuna ile sauti ya kukoroma kooni kama maji yanachemka. Yale ni mate na makohozi ambayo mgonjwa hana tena nguvu ya kuyameza wala kuyakohoa, na kwa kawaida yeye mwenyewe ameshazama mbali haimsumbui, inawasumbua waliosimama pembeni. Unamlaza ubavu, unainua kichwa kidogo, daktari anaweza kuandika dawa ya kupunguza majimaji, na unawaeleza ndugu kinachoendelea. Kuchomeka mpira wa kunyonya hadi kooni mara nyingi ndo kunamuumiza. Nesi anayejua hili anaweza kukaa kwenye kile kiti. Asiyejua anatafuta sababu ya kwenda stoo.

La mwisho kwa leo ni mofini, ile dawa kali ya maumivu, maana hili linakaa vichwani mwa watu miaka na hawalisemi. Nesi kachoma sindano ya maumivu kama ilivyoandikwa, baada ya muda mfupi mgonjwa kafariki, yeye anarudi nyumbani anajiuliza kama ni yeye kamuua. Wakuu, mgonjwa yeyote anayekufa akiwa kwenye dawa ya maumivu lazima kuna dozi ambayo itakuwa ya mwisho, na lazima kuna mtu aliyeichoma. Mofini ikianza kwa dozi ndogo ikapandishwa kwa kufuata maumivu haimharakishi mtu kufa, inamwacha afe bila mateso. Haya maneno mwambie nesi wako KABLA hajachoma hiyo sindano, ukisubiri aulize hatauliza.

Nitaendelea, leteni na nyie ya kwenu.

Intani Mpya:

Asante sana mkuu, hii ya mofini umenigusa kabisa, nilikuwa naibeba mwenyewe sijamwambia mtu. Swali langu, mgonjwa akikuuliza uso kwa uso "daktari, nakufa?" unajibu nini? Mi huwa nasema usiwe na wasiwasi utapona, halafu natoka haraka, na najua kwamba anajua.

Mleta mada:

Mdogo wangu anajua, karibu kila mara anajua. Glaser na Strauss, wataalamu wa sosholojia wa Marekani, mwaka 1965 walieleza vizuri hali hii, wapo wagonjwa ambao hawajui, wapo wanaohisi, na ipo hali ambapo mgonjwa anajua, nesi anajua, ndugu wanajua, na wote wanaigiza kwamba hawajui. Hiyo ya mwisho inachosha kuliko zote kwa sababu kila anayeingia chumbani lazima avae uso wa kuigiza, na mgonjwa naye anatumia nguvu kidogo alizobakiza kuwalinda nyie msijisikie vibaya.

Kwanza kaa. Sio kuegemea mlango, kaa kwenye kiti macho yawe usawa na yake. Halafu usikimbilie kujibu, muulize "nini kimekufanya uulize hivyo leo?" Hapo utasikia swali lenyewe. Mmoja anaogopa maumivu, mwingine anataka kujua kama amwite mwanae aliyesafiri, mwingine kaota ndoto, mwingine anataka tu mtu mmoja akiri kwamba hali ni mbaya. Ukishajua anachouliza unajibu hicho. Ukiona anataka ukweli wote, na kutoa hiyo taarifa sio kazi yako kwa ngazi uliyopo, mwambie ukweli ule ule: "Nakuona hali yako imebadilika, naenda kumwita daktari wako tuje tukae wote watatu tuongee." Na kweli umwite, usipotee.

Kuna utaratibu wa hatua 6 wa kutoa habari mbaya ambao Buckman na Baile na wenzao waliuchapisha mwaka 2000 kwa ajili ya madaktari wa saratani: unaandaa mahali, unauliza anajua nini tayari, unauliza anataka kujua kiasi gani, ndo unasema, unapokea hisia zake, mnapanga kinachofuata. Ona kwamba kusema kumewekwa hatua ya nne. Sisi wengi tunaanzia hapo, tunamaliza hapo, tunaondoka.

Ila kusoma hatua hakutoshi, lazima uziseme kwa mdomo wako. Mi wanafunzi wangu nawakalisha wawili wawili, mmoja mgonjwa mmoja nesi, na anayejifunza zaidi ni yule anayelala kitandani kuigiza mgonjwa, kwa sababu anasikia mwenyewe lile "usiwe na wasiwasi" linavyofunga mlango. Wanacheka mwanzoni, ruhusu wacheke, dakika ya tatu hakuna anayecheka.

Na ile habari ya hatua tano za Kübler-Ross ya mwaka 1969, kukana, hasira, kujaribu kujadiliana na kifo, huzuni, kukubali, itumieni kwa tahadhari. Sio ngazi ya kupanda. Nimeona nesi anakasirika kabisa kwamba mgonjwa "alishakubali" jana leo karudi kwenye hasira, kana kwamba kafeli mtihani. Mtu anaweza kupita zote kabla ya chakula cha mchana.

Sista Mkongwe:

Mwalimu nakuheshimu ila naomba niseme ukweli wangu. Nimefanya kazi hii kabla ya wengi humu hamjazaliwa. Wodi nzima manesi wawili, wagonjwa wamejaa hadi kwenye korido, sasa mimi nikae kwenye kiti niulize "nini kimekufanya uulize", yule wa drip iliyoisha nani anambadilishia? Na hawa watoto wa siku hizi wakifiwa na mgonjwa mmoja wanalia wanataka kwenda kupumzika. Sisi tulifunga kilio tukafanya kazi, wagonjwa walipona. Huruma nyingi nayo inaharibu kazi.

Mleta mada:

Dada yangu shikamoo, na sikupingi kwenye nusu ya ulichosema. Kwenye uhaba wa watu uko sahihi mia kwa mia na naomba wakubwa wanaosoma huu uzi waelewe hili: huwezi kumpeleka nesi semina ya kuhimili stresi Ijumaa halafu Jumatatu ukampa wodi nzima peke yake. Maandalizi ya kihisia hayawezi kuziba pengo la watumishi. Ukiyatumia hivyo unamwambia mfanyakazi kwamba tatizo ni yeye.

Na kuna maumivu mengine ambayo watu wanayachanganya na huzuni. Mwaka 1984 Andrew Jameton, mtu wa falsafa na maadili, alieleza hali ya nesi anayejua kabisa kitu sahihi cha kufanya ila mfumo unamzuia. Mfano ni kumbonyeza kifua mzee ambaye saratani imeshammaliza, unasikia mbavu zinavunjika chini ya viganja vyako, kwa sababu tu hakuna aliyekaa na familia mapema wakakubaliana kwamba moyo ukisimama aachwe apumzike. Nesi anatoka pale ana hasira na aibu, na ukimpa pole ya msiba haimfikii. Anachohitaji ni hayo mazungumzo na familia yafanyike siku tatu kabla, na sauti yake iwe na uzito anaposema "huyu mgonjwa anakufa, tubadilishe mpango".

Ila kwenye kulia dada hapo tunatofautiana. Kulia hakuharibu kazi. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki, je bado unaweza kufanya kinachotakiwa, na je ndugu wa mgonjwa wamelazimika kukubembeleza wewe? Kama unaweza, na hawajalazimika, machozi yako hayana shida, na familia nyingi zinayakumbuka kwa wema. Kama huwezi, mwenzako ashike kitanda chako kwa dakika kumi unawe uso. Na kukaa kwenye kiti hakuhitaji saa nzima. Dakika mbili umekaa mgonjwa anazihisi ndefu kuliko dakika tano umesimama unaangalia mlango.

Halafu nikuombe kitu dada. Wewe ndo mtu ninayemtaka asimame na mwanafunzi kifo chake cha kwanza. Semina zangu zote hazifikii kumwona mtu kama wewe anavyoingia chumbani, anavyoshika mkono, anavyowaambia ndugu "ameshapumzika". Mlifunga kilio lakini mnajua vitu ambavyo hamjawahi kuvisema kwa sauti.

Sista Mkongwe:

Hapo nimekuelewa. Kumwambia mwanafunzi njoo usimame na mimi hakunigharimu kitu. Mimi huwa nawapa kazi ya mdomo.

Intani Mpya:

Kazi ya mdomo ndo nini sista?

Sista Mkongwe:

Mgonjwa anayekufa anapumulia mdomo wazi, ulimi unakauka unapasuka, midomo inabanduka. Unachukua gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, au sponji laini, unalowesha kwa maji kidogo, unakamua isidondoshe maana hawezi kumeza atapaliwa, unapangusa ndani ya mashavu, juu ya ulimi, fizi, taratibu, halafu unapaka mafuta midomoni. Na unamwambia kila unachofanya kwa jina lake, "sasa nakupangusa mdomo", hata kama hajajibu tangu asubuhi. Mwanafunzi anayetetemeka mpe hiyo sponji. Mikono ikishapata kazi hofu inashuka yenyewe. Na ndugu nao wafundishe, mtoto wa mgonjwa anayezunguka zunguka koridoni hajui afanye nini mpe sponji amhudumie mama yake.

Mleta mada:

Mmeona wakuu? Hii ndo ninayoizungumzia, na haipo kwenye nondo za chuo. Kinachowavunja wahudumu wapya ni kuamini kwamba "hakuna tena la kufanya". La kufanya lipo jingi. Cicely Saunders, ambaye alikuwa nesi, baadaye afisa ustawi wa hospitali, halafu akasoma udaktari ukubwani, alifungua hospisi, yaani mahali pa kuwahudumia wanaokaribia kufa, ya St Christopher's London mwaka 1967, na alisisitiza kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu nne, za mwili, za hisia, za mahusiano na za kiroho. Ukimfundisha mhudumu kutafuta hizo nne kila zamu, hakosi kazi pale kitandani. Mgonjwa dozi iko sawa lakini bado analalamika anaumwa, kumbe hajaongea na kaka yake miaka. Hapo dawa ni simu.

Na kumuongelesha asiyejibu kuna maana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitiki tena saa zao za mwisho, baadhi yao ubongo ulikuwa bado unaitikia sauti. Kama anaelewa maneno hakuna anayeweza kuthibitisha, ila inatosha wahudumu waache kujadili mambo ya mochwari juu ya kitanda.

Mfanya Usafi:

Samahani naomba kuuliza, mimi sio daktari wala nesi, nafanya usafi wodini. Mambo yote mnayosema ni ya manesi na madaktari. Kuna mama mmoja nilikuwa nadeki chumba chake kila asubuhi tunaongea, ananiuliza habari za watoto wangu kwa majina. Siku moja nimeingia na ndoo nimekuta kitanda kimetandikwa kipya. Hakuna aliyeniambia. Nikadeki nikaendelea. Sisi hatuhesabiki?

Mleta mada:

Mnahesabika, na pole sana, sijui kama kuna mtu alishakupa pole hiyo, basi pokea ya kwangu. Umesema jambo ambalo karibu kila hospitali inalisahau. Msomi mmoja Kenneth Doka mwaka 1989 aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui, yaani umefiwa kweli ila hakuna anayekuona kama mfiwa. Wahudumu wote wa afya wanaiishi, na nyie wa usafi, wabeba machela, wagawa chakula, watu wa mochwari, ndo zaidi. Mgonjwa anaweza kumwambia mfanya usafi vitu ambavyo hajamwambia daktari, kwa sababu wewe huji na sindano.

Kwa hiyo wakuu wa wodi, mgonjwa akifariki usiku, wa kuambiwa asubuhi kabla hajafungua mlango wa kile chumba ni pamoja na mwenye ndoo. Na kikao cha kuongelea kifo hicho kikiitwa naye aitwe. Kuna utaratibu uliotokana na mwanasheria mmoja wa Boston, Kenneth Schwartz, aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995. Alipokuwa mgonjwa aliona namna utu wa wahudumu ulivyomsaidia kubeba yasiyobebeka, akaacha kituo kimeanzishwa. Vikao vya kituo hicho vilianza mwaka 1997 katika hospitali ya Massachusetts General, na kinachonivutia ni kwamba wanakaa watu wa kada zote, daktari bingwa na mfanya usafi chumba kimoja, hawajadili matibabu wala nani kakosea, wanaongea kesi imewafanyaje wao.

Papo hapo baada ya kifo pia kuna kitu kidogo nakipenda, kilianzishwa na nesi wa Virginia, Jonathan Bartels. Mgonjwa akifariki mtu yeyote kwenye timu anaweza kuomba wote wasimame kimya kwa muda mfupi, kumheshimu aliyeondoka na juhudi walizofanya. Ni ukimya, kwa hiyo mwenye dini yake anaomba moyoni, asiye na dini anasimama tu. Haichukui hata dakika moja, na dada yangu Sista hapo hawezi kusema drip itaisha.

Intani Mpya:

Na wale wasiotaka kuongea? Kuna mwenzangu ukimwambia tukae tuongee ndo anazidi kuumia.

Mleta mada:

Usimlazimishe. Hili lina ushahidi, ule mtindo wa kumkalisha mtu mara moja tu baada ya tukio na kumtaka aeleze kila kitu umechunguzwa, haukuonekana kuzuia madhara ya mshtuko na kwa baadhi ya watu unaweza kuongeza. Mlango uwe wazi, mtu aingie mwenyewe. Mwingine anahitaji matembezi, mwingine kulala, mwingine kwenda ibadani.

Ila muangalie. Wengi wanamtafuta anayelia, mi namtafuta ambaye hahisi chochote tena, anayewafokea ndugu kwa vitu vidogo, anayeogopa zamu tangu usiku uliotangulia, au yule ambaye hawezi kumuachia mgonjwa, siku yake ya mapumziko anapiga simu wodini kuuliza kama kala. Huyo asiachwe mpaka aangukie kwenye uchovu mkubwa wa kazi, ambao WHO iliuweka rasmi mwaka 2019 kama hali itokanayo na mazingira ya kazi, haikuuita udhaifu wa mtu. Na mwenye msiba mbichi nyumbani kwake asipangiwe mgonjwa anayekufa kwa ugonjwa ule ule uliomchukua mzazi wake. Hiyo ni kazi ya anayepanga ratiba, inahitaji tu awe anawajua watu wake.

Intani Mpya:

Sawa, na wodi yetu mkuu wa wodi hana habari na mambo haya kabisa, tuanzie wapi?

Mleta mada:

Anzeni na wewe na mwenzako wa zamu. Kabla ya zamu muulizane ni nani kwenye ripoti anaelekea kufa usiku huu na mmtaje kwa jina, sio kitanda. Mpangane nani ataingia na nani, aliyewahi kuingia aende na ambaye hajawahi. Mgonjwa akifariki, kabla hamjaandika ripoti, kaeni dakika tano muulizane vitu vitatu tu, nini kilikwenda vizuri kwa mgonjwa, nini kimekukaa kichwani, na unahitaji nini ili umalize hii zamu. Jibu la swali la tatu mlitekeleze usiku huo huo, hata kama ni chai tu au mtu wa kukusindikiza mochwari. Mkishafanya hivyo mara kadhaa mpelekeeni mkuu wa wodi mkiwa na mifano ya kwenu, na kama ana ubishi mtafute sista wa aina ya huyu aliyechangia hapa juu awe upande wenu.

Sista, nakufuata pembeni kwenye meseji, nataka hiyo kazi ya mdomo uje uwaonyeshe wanafunzi wangu mwenyewe kwa mikono yako, mtaala tutaubadilisha baadaye.